Hadithi Zangu Zina Upepo wa Bahari Nisiyowahi Kuiona

Safu ya Shangazi wa Kalamu

BARUA

Kwako Shangazi wa Kalamu,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Busia upande wa Uganda, na ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakala wa forodha, ambako kutwa nzima ninajaza fomu za malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Juba, Kigali na mashariki ya Kongo. Usiku, kazi za nyumbani zikiisha, huandika hadithi kwa Kiswahili, na mwaka jana nilifungua blogu ambayo mpaka leo ina wasomaji wachache kiasi kwamba nawajua karibu wote kwa majina.

Kiswahili nilikipata kwa mama, ambaye ni mchuuzi wa sokoni, kisha nikakisoma kwa miaka minne katika shule ya sekondari ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Huko tulikaririshwa methali, nahau na tashbihi kwa ajili ya insha, na aliyezitumia kwa wingi ndiye aliyepata alama za juu. Mara nyingi aliyezipata nilikuwa mimi, kwa hiyo nilidhani kuandika hadithi ni jambo ninaloliweza. Huu hapa ni mwanzo wa hadithi yangu ya karibuni:

“Majogoo ya kwanza yalipowika, Nekesa, binti aliyeumbwa akaumbika, mwenye macho ya gololi, meno kama lulu na shingo ya upanga, alirauka na kujizoazoa kutoka kitandani, akapiga moyo konde kwani alijua fika kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Upepo mwanana wa bahari ulikuwa ukivuma, mawingu yalikuwa yametanda mithili ya pamba, na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamutamu za kumsifu Muumba.”

Rafiki yangu aliusoma, akasema naandika kama kamusi. Msomaji mwingine, ambaye simjui, alinisahihisha ngeli mbili, kisha akamalizia kwa ule utani kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya na kikafa Uganda. Nilicheka, lakini tangu siku hiyo siandiki sentensi bila kufungua kamusi mara tatu. Binamu yangu aliyeko Kampala naye ananishauri niachane na Kiswahili niandike Kiingereza, kwa sababu, kwa maneno yake, Uganda hakuna anayesoma Kiswahili kwa hiari. Nina hadithi sita nilizozianza na sijamaliza hata moja.

Ningekuandikia tangu wiki iliyopita, ila dereva mmoja wa Bukavu, ambaye lori lake lilikuwa limekaa uwanjani siku nne kwa sababu ya hati iliyokosewa namba, alikuja dirishani jioni tukifunga, akavua kofia, akaniomba nimsomee ujumbe wa mkewe kwa kuwa miwani yake imevunjika. Nikamsomea. Akaniomba nirudie sehemu ya mwisho. Nikarudia, akasema asante mara mbili, akaenda kuwasha jiko lake chini ya trela, na mimi nikachelewa kufika nyumbani.

Naomba uniambie kama tatizo langu ni Kiswahili chenyewe. Niambie pia niwaandikeje watu wa hapa, ambao hawasemi Kiswahili sanifu, na kama inafaa nichapishe hadithi sehemu kwa sehemu kila wiki. Mwisho, nafikiria kutumia jina la kalamu, Binti Bahari. Unalionaje?

Karani wa Mpakani,
Busia.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wetu wa Buganda wanajua kwamba kazi ya ssenga, yaani shangazi, ni kumwambia binti yale ambayo mama mzazi huyaonea haya, basi na mimi nitaanza na lile gumu. Ulichoniletea si mwanzo wa hadithi bali ni insha ya mtihani, na ni insha nzuri. Ningekuwa mtahini ningekupa alama zote za msamiati. Lakini mtahini ni msomaji asiye na mfano. Amelipwa ili asome, hawezi kuiacha karatasi yako katikati, na anachokitafuta ndani yake ni ushahidi kwamba unazijua nahau. Nekesa anakwenda wapi, hilo halimhusu. Msomaji wa blogu yuko ndani ya takisi inayosubiri abiria wajae, ana simu mkononi, na kidole chake kimeshaanza kuhamia kwingine. Wewe uliacha shule miaka mingi iliyopita, lakini kila usiku unaketi na kumwandikia yule mwenye kalamu nyekundu, na huyo bwana wa ngeli aliyekuandikia utani amekuja tu kukalia kiti ambacho ulikuwa umeshamwekea.

Hebu tuutazame mwanzo wako. Tumeambiwa habari za jogoo, macho, meno, shingo, moyo, upepo, mawingu na ndege, na baada ya hayo yote binti hajafanya lolote zaidi ya kutoka kitandani. Hatujui anaamka kwenda wapi wala kwa nini leo. Na bahari imeingiaje Busia? Maji makubwa yaliyo karibu nawe ni Ziwa Victoria, kule Majanji, na bahari iko Mombasa, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, safari ambayo madereva wako hufika wameimaliza na macho mekundu. Upepo ule hukuusikia usoni. Uliukuta katika vitabu vya watu wa Pwani, ambao waliuandika kwa sababu unawapuliza kila jioni, ukauchukua kama mtu anayeazima kanzu ya jirani kwenda harusini.

Angalia pia vitenzi vyako, maana hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapokushitaki. Upepo “ulikuwa ukivuma”, mawingu “yalikuwa yametanda”, ndege “walikuwa wakiimba”. Muundo huo una kazi yake, nao ni kutandika mandhari kabla ya jambo kutokea. Ukiutumia mara tatu mfululizo na hakuna jambo linalotokea, umetandika kitanda kisicholaliwa. Sasa rudi kwenye aya ya dereva. Alikuja, akavua kofia, akaniomba, nikamsomea, nikarudia, akaenda kuwasha jiko. Ile -ka- ni hazina ambayo lugha nyingi hazina. Inabeba “kisha”, “baada ya hapo” na “ndipo” ndani ya silabi moja, na inamvuta msomaji mkono bila yeye kujua kwamba anavutwa. Hukuifundishwa na mwalimu wa insha. Uliisikia sokoni kwa mama yako, kila alipokuwa akisimulia yaliyompata mchana.

Nimeisoma aya hiyo mara nyingi kuliko barua nzima. Ina kofia inayovuliwa, jambo linalonionyesha mtu mzima akijinyenyekeza mbele ya karani aliye sawa na bintiye kwa umri, na wewe hukunieleza kwamba alijinyenyekeza. Ina asante mbili. Zaidi ya hayo ina kitu ulichokificha, na kukificha huko kumenikosesha usingizi: ujumbe ulisemaje, na ile sehemu ya mwisho ilikuwa na nini hata mtu aombe isomwe tena? Ungeniandikia maneno yenyewe huenda ningesahau. Uliiandika bila kamusi, kwa sababu hukudhani kwamba unaandika. Ulikuwa unaomba radhi kwa kuchelewa.

Usinielewe kwamba nazikataa methali. Mimi nimekulia katika nyumba ambamo huwezi kuomba chumvi bila kujibiwa kwa methali. Ninachokuomba ni kwamba methali iwe na mwenyewe. Mzee anayetoa methali katika kikao cha mahari hatoi pambo; anataka mtu fulani anyamaze au apunguze ng'ombe mmoja, na kila aliyekaa pale anajua ni nani. Mpe methali mhusika anayetafuta jambo, nasi tutaisikia kama silaha. Msimulizi anapoitoa kabla ya kisa kuanza, ametupa jibu kabla ya swali. Nitakuonyesha ninachomaanisha kwa kuuandika upya mwanzo wako, ingawa ni jambo nisilolipenda, maana hadithi ni yako na mimi nabahatisha tu:

“Nekesa aliamka kabla ya jogoo kwa sababu malori yalikuwa yameanza kuunguruma. Aliinama, akapapasa mvunguni, akauvuta mfuko wa samaki wa mukene, akaunusa. Ulikuwa bado mkavu. Akautia katika kaveera ya pili, akaifunga kwa kamba ya mgomba, akatoka bila kuwasha taa, maana zamu ya askari hubadilishwa saa kumi na moja na yeye alitaka awe amevuka.”

Nimemfanya mvusha magendo kwa kuwa hukuniambia anaamka kwenda wapi. Kama yeye ni mwalimu au muuguzi, nisamehe. Lakini tazama kwamba methali yako haikupotea. Aliyetaka cha mvunguni ameinama kwelikweli, na msomaji anayeijua methali atatabasamu peke yake ndani ya takisi yake, naye asiyeijua hatakosa kitu. Malori yamechukua nafasi ya ndege kwa sababu ndiyo yanayoamsha watu Busia. Kuhusu macho na meno ya Nekesa, tutayaona siku atakapotokea mtu wa kuyaangalia, na tutayaona kwa macho ya mtu huyo, anayeweza kuwa mchumba na anaweza kuwa askari.

Hapa kuna jambo moja lazima nilisimamie, maana nimeshakutia hamu ya kuandika kisa cha dereva. Kisa kile ni chake kabla hakijawa chako. Ukikiandika kwenye blogu kama jambo lililokutokea, chini ya jina lako, katika mji ambao watu wote wanajua unafanya kazi wapi, umemvua mtu kofia mara ya pili, na safari hii hakukuomba. Muombe ruhusa kama bado yuko. Kama ameondoka, usikiandike kama habari ya kweli. Hadithi ya kubuni ina mlango mwingine. Badili mji, badili mzigo, badili miwani iwe mtu asiyejua kusoma kabisa au mwenye simu iliyokufa kioo, kisha ubakize kile kimoja kilichokugusa, yaani mtu mzima anayeomba arudiwe maneno ya mwisho. Ukibadili vya kutosha utagundua kwamba wewe mwenyewe hujui ujumbe ulisemaje, na hapo ndipo kubuni kunapoanza. (Na ili nisikuhubirie nisichokifanya: wasomaji wajue kwamba tumekubaliana na mwandishi wa barua hii kubadili mji wa dereva na sababu ya kukwama kwake kabla ya kuchapisha.)

Sasa niuchukue ule utani wa Kiswahili kufa Uganda. Na mimi huucheka, kwa sababu umetungwa vizuri, lakini mtu anayeuamini hajasikiliza maneno yetu. Katika miaka ya Idi Amin bidhaa zilipoadimika, biashara ya gizani iliitwa magendo na wakubwa, watoto, Waganda, Waacholi na Wateso, na wale waliotajirika ghafla baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 wakaitwa mafuta mingi, kwa upatanisho wa kisarufi ambao mwalimu wako angeukatia mstari mwekundu. Miaka ya 1980 misako ya kukamata watu mitaani ikaitwa panda gari, na mpaka leo kuna wazee Kampala ambao ukiwatamkia maneno hayo mawili hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Neno boda boda lilitoka mpakani kwenu kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria, likapanda pikipiki na kuenea Afrika Mashariki yote. Maiti haizai maneno namna hiyo.

Nilikuwa mtoto Kampala katika miaka hiyo. Usiku tukisikia Kiswahili barabarani, mama aliizima tadooba, yaani kibatari, na sote tukakaa gizani mpaka sauti zipite, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Asubuhi mama huyohuyo alikwenda sokoni akauza nyanya kwa wateja kutoka Kenya kwa Kiswahili hichohicho, akicheka nao. Watu wa Unguja wameandika mambo makubwa, lakini hakuna kati yao atakayemwandika mwanamke anayeiogopa lugha usiku na kuiuzia nyanya mchana. Kisa hicho ni cha kwetu, na kwa hiyo siwezi kukubali kwamba Mganda akiandika Kiswahili anaomba ruhusa kwa mtu. Hata sheria imetutangulia: marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Binamu yako anasema hakuna anayekisoma kwa hiari. Leo huenda ana haki. Watoto wanaokisoma kwa lazima sasa watatafuta kitu cha kusoma kwa hiari miaka michache ijayo, na mtu atakayekuwa amemaliza hadithi zake ndiye watakayemkuta.

Kuhusu Kiingereza sina ugomvi. Mwezi Juni mwaka 1962, hapa Makerere, walikutana waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, wakiwemo Chinua Achebe, Wole Soyinka na kijana wa Makerere aliyejulikana baadaye kama Ngugi wa Thiong'o. Ngugi aliandika miaka mingi baadaye kwamba mtu kama Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu kadhaa vya Kiswahili, hakuwa na sifa ya kuingia katika mkutano ule kwa sababu ya lugha yake tu. Na Shaaban Robert alifariki dunia mwezi huohuo. Huwa nalikumbuka jambo hilo kila nipitapo Makerere. Kwa upande mwingine mshairi wetu Okot p'Bitek alilitunga shairi lake refu kwa Kiacholi kwanza, na tafsiri yake ya Kiingereza, Song of Lawino, aliyoifanya mwenyewe, ikatoka mwaka 1966 na kumfikisha mbali. Kwa hiyo swali la kumjibu binamu yako ni dogo kuliko anavyodhani: dereva alipokuja dirishani, mlizungumza lugha gani? Andika kwa lugha uliyomsikia nayo. Tafsiri inaweza kuja baadaye.

Swali lako la kuwaandika watu wa mpakani ndilo lililonifurahisha zaidi, na nadhani ndilo litakalokupa kazi ya miaka mingi. Msimulizi wako aseme Kiswahili sanifu, safi, kilichosahihishwa ngeli zake. Hapo yule msomaji mkali alikusaidia, na ungemshukuru kwa ngeli mbili na kuuacha utani wake bila jibu. Wahusika wako, kinyume chake, waseme wanavyosema. Fikiria samaki mdogo wa ziwani, ambaye kwetu ni mukene, akivuka mpaka anaitwa omena, na akifika Mwanza ni dagaa. Wewe unakaa mahali ambapo jina la samaki hubadilika kwa kutembea hatua mia chache, na hujaandika hata mstari mmoja juu yake. Ningependa kusoma kitu kama hiki:

“Mukene bei gani leo?”
“Hii ni omena, mama. Mukene umeuacha ng'ambo.”
“Samaki ni yuleyule.”
“Samaki ni yuleyule, bei ndiyo imevuka.”

Hapo hakuna aliyetueleza kwamba tuko Busia, kwamba mnunuzi katoka Uganda na muuzaji ni wa Kenya, wala kwamba wanajuana kiasi cha kutaniana. Mkulima anayepalilia akisalimiwa “Gyebale ko” na akajibu bila kuinua kichwa, msomaji wa Tanga ataelewa kwamba amesalimiwa. Huna haja ya kumwekea mabano ya maelezo, maana mabano ni mtahini mwingine. Mpe Msamia “mulembe” yake. Usimpe mwanamke wa soko la Busia “shikamoo” kwa kila anayepita, kama wahusika wako wanavyofanya katika hadithi nyingine nilizozisoma kwenye blogu yako, kwa sababu kila mtu aliyewahi kupita soko hilo atajua kwamba hujakaa hapo.

Lakini kuwa mwangalifu na mkono mzito. Mkongo asemaye Kiswahili cha Bukavu, au askari mstaafu asemaye cha kambini, si kikaragosi. Ukiyakosea makusudi maneno yake yote ili tucheke, umemfanyia yeye kile ambacho yule bwana wa utani alikufanyia wewe. Chukua neno moja au mawili ya kwake, chukua mpangilio wake wa sentensi, yaani anachokitanguliza na anachokiacha mwisho, kisha yaliyobaki yaache yaende. Mtu mkubwa kwa umri na heshima anaweza kuvuruga ngeli zote na bado akawa ndiye mwenye akili zaidi katika hadithi. Dereva wako naona ni mtu wa namna hiyo. Njia ya kupima ni kuisoma sehemu hiyo kwa sauti mbele ya mtu anayesema Kiswahili cha aina hiyo. Ukiona haya kumsomea, unajua la kufanya.

Kuhusu kuchapisha sehemu kwa sehemu kila wiki, utamaduni huo tunao, na wengi wetu tulijifunza kusubiri kwa sababu ya neno “itaendelea” lililokaa chini ya hadithi za magazetini. Ila wewe una mianzo sita isiyo na miisho, na mtu wa namna hiyo haruhusiwi kuandika “itaendelea” mpaka awe ameshaandika “mwisho”. Humalizi kwa sababu kila usiku unarudi kuung'arisha ukurasa wa kwanza, ambao ndio mtahini anaoutazama sana. Chagua moja kati ya hizo sita, iliyo fupi, uifikishe mwisho hata kwa Kiswahili kibovu, hata kwa kuacha nafasi tupu pale neno lilipokataa kuja, na kamusi usiifungue mpaka siku ya pili baada ya kumaliza. Ukishakuwa na hadithi nzima ndipo uikate vipande. Kila kipande kiwe na urefu wa kusomwa kabla takisi haijajaa, na kiishie mahali ambapo jambo limebadilika, si lazima mtu awe ananing'inia gengeni. Ukurasa wako uwe mwepesi: yale mapicha makubwa ya machweo uliyoyaweka juu ya kila hadithi yaondoe, kwa sababu tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, na msomaji anayelipia machweo ya Zanzibar ili afikie habari za Busia ana haki ya kulalamika.

Ukifikisha muswada wa kitabu kizima, iko Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea riwaya na ushairi. Lakini hiyo ni habari ya baadaye, na nimeitaja tu ili binamu yako asikwambie kwamba haipo. Kwa sasa watafute wasomaji watatu pale pale mpakani. Mmoja awe mama yako, hata kama itabidi umsomee, na utazame ni wapi anapoanza kupanga bidhaa zake upya.

Limebaki jina la kalamu. Kwa kazi yako nakushauri ulitumie, kwa kuwa karani wa forodha hupita na siri za watu mikononi, na tajiri wako pamoja na wateja wake wana haki ya kutojiuliza kila siku kama wamo katika hadithi. Liamue kabla ya kuchapisha, maana kulibadilisha baadaye ni sawa na kuhamia nyumba mpya bila kuwaaga wageni. Litoke katika ukoo, katika soko, katika kitu unachokigusa kila siku. Binti Bahari, mwanangu, mwachie aliye na bahari.